Udongo wa Mahari

Bonge la mwisho la udongo lilikuwa chini ya miguu ya Verediana, juu ya ngozi kuukuu ya ng'ombe, naye alikuwa akilikanyaga kwa kisigino huku akilitukana. Lenyewe halikuwa na kosa. Alilitukana kwa sababu lilikuwa dogo. Kwa ukubwa ule lingetoa vyungu vitatu vya maharage, au vinne kama angevifinyanga vyembamba vya kudanganyia watu, na Verediana hakuwa mtu wa vyungu vya kudanganyia watu.

Jua lilikuwa bado halijaivuka migomba. Alikwisha chota maji, alikwisha wafungulia mbuzi, alikwisha kunywa uji usio na sukari. Sukari, tangu wakimbizi waje na mashirika yawafuate, ilikuwa imepanda bei mpaka watu wanaizungumza kama marehemu. Kila kitu kilikuwa kimepanda. Kuni zilipanda na kuhama pia: miti ya karibu iliisha mwaka wa kwanza, na sasa kuni na nyasi za kuchomea vyungu alizifuata nusu siku. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapanda wala kuhama, nacho ni udongo wa bonde la Kibumbiro, dakika ishirini chini ya nyumba yake. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuuchimba.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kambi iliyokuwa ng'ambo ya kilima ilihitaji maji. Shirika la maji likaja na vipimo vyake, likaona Kibumbiro kuna chemchemi isiyokauka hata Agosti, likazungushia bonde seng'enge na kuanza kujenga ukuta wa bwawa. Hakuna aliyekataa. Watu lazima wanywe maji. Verediana mwenyewe alisema hivyo kwenye mkutano wa kijiji, akapigiwa makofi. Wakaambiwa kila mwenye chake bondeni ataandikwa na atapewa kadi, na kwa kadi hiyo ataingia Ijumaa moja tu kuondoa kilicho chake. Mwenye maharage avune maharage, mwenye matete akate matete. Jumatatu maji yangeanza kujaa, na shimo la udongo, ambalo liko chini kuliko mashamba yote, ndilo lingezama kwanza.

Alikuwa amejipanga. Alikuwa na vikapu vinne, jembe, na wanawake wawili jirani waliokubali kumbebea kwa malipo ya chungu kimoja kimoja. Kutwa nzima wangepandisha udongo wa mwaka mmoja, labda miwili, aufukie nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba ili ulale na kuiva. Baada ya miaka miwili Mungu angejua la kufanya.

Vijana wa shirika walikuwa wamemuuliza kwa nini asitafute udongo mwingine, kana kwamba udongo ni udongo. Alikwisha tafuta. Ule wa barabarani ni mwekundu, unapasuka motoni. Wa mtoni una mchanga, unasagika kwenye meno. Wa Kibumbiro ni wa kijivu, ukiuweka kwenye ulimi unanata na hauna hata punje moja ya mchanga. Yeye alizaliwa Nemba, huko Biharamulo, akaolewa huku Ngara akiwa msichana asiyejua chungu kinaanzia wapi. Wiki ya pili ya ndoa mama mkwe alimpeleka bondeni, akamlambisha udongo, akamwambia, "Ukiujua huu utakuwa wa hapa. Usipoujua utabaki mgeni mpaka nikuzike." Miaka thelathini na mmoja imepita. Mama mkwe alikufa, mumewe Ansbert naye alikufa, na mpaka leo mtu wa huku Murukulazo akija kununua chungu huuliza kwanza: udongo gani? Swali hilo lina majibu mawili tu. Ukisema udongo wa kubebwa, yaani umetoka kwingine, mnunuzi anaaga. Ukisema udongo wa mahali, yaani umechimbwa papa hapa, anatafuta kigoda akae.

Verediana alinawa miguu, akafunika bonge lake kwa jani bichi, akaenda ofisi ya kata kuchukua kadi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na foleni iliyotoka nje mpaka kwenye jua. Karani alikuwa Danstan, kijana wa Bukoba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Wiki tatu nyuma ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na fomu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kadi yangu, jua linakwenda."

Danstan alishusha kidole kwenye orodha. Kidole kilifika chini, kikarudi juu. "Haipo."

"Haipo vipi? Si wewe ulikuja kwangu ukaniandika, na maziwa ukanywa?"

"Nilikuandika. Fomu yako hii hapa." Aliitoa kwenye jalada, akasoma kwa sauti ya darasani. "Verediana Ansbert, mjane. Anachochukua bondeni: udongo. Udongo gani: udongo wa mahari."

"Eeh. Ndivyo nilivyosema."

"Ndiyo. Sasa kadi ya udongo wa mahari imekwenda kwa mwenye mahari. Ndugu yako, Kazimili."

Verediana alidhani anataniwa. Akamtazama kijana usoni, akaona hana utani wowote.

"Mahari ya nani?"

"Mahari yako, mama. Uliyoolewa nayo."

"Mimi nilisema udongo wa mahari! Wa mahari hapa! Kibumbiro!"

"Nami nimeandika mahari."

"Siyo mahari! Mahari!"

Danstan alijikuna kichwa kwa kalamu. "Mama, unasema mahari, au unasema mahari?"

Foleni nzima ilicheka, ingawa nusu yao wasingeweza kulijibu swali lile wenyewe. Kwa watu wa huko l na r ni mapacha: ukimwita mmoja, anaitika yeyote aliye karibu. Nyumbani hakuna anayejali, maana Kisubi na Kihangaza, lugha zao, havijawahi kugombanisha watu kwa ajili ya herufi hizo. Verediana alikuwa amesema mahari akimaanisha mahali, kama anavyosema siku zote, na katika miaka yote hakuna mnunuzi aliyedhani anauziwa chungu cha ndoa. Lakini Danstan alikuwa amesoma, na msomi huandika anachosikia.

"Mzee Bernardo!" Verediana aliita kuelekea meza ya pili. "Huyu kijana ameniozesha mara ya pili!"

Bernardo, mtendaji wa kata, aliinuka polepole. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye muhuri kwenye kamba shingoni kama mwanafunzi na ufunguo wa nyumba. Alisikiliza yote, akaisoma fomu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, hakikuwepo.

"Fomu imekwisha kwenda wilayani," alisema. "Na nakala imekwenda kwa shirika. Imepigwa muhuri. Mahari ni haki ya upande wa mwanamke, ni mila zenu wenyewe hizo, na ofisi haiingilii mila."

"Mila gani ya mtu kulipa mahari kwa shimo?"

"Mimi nimesoma kilichoandikwa."

"Basi kiandikwe upya! Karamu si mnazo?"

"Kalamu zipo. Andika barua ya kulalamika. Ndugu yako naye aandike ya kukana. Baraza linakaa Alhamisi."

"Jumatatu shimo linajaa maji!"

"Basi Alhamisi utakuwa umechelewa," Bernardo alisema, bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa saa. "Na usipige kelele humu, mama. Kila jambo lina mahari pake."

Verediana alimgeukia Danstan. Danstan alikuwa ameinamia orodha, anamwandika mwingine. Mtendaji alikuwa amesema mahari pake, na karani hakusikia harusi yoyote.

Kazimili, mdogo wake Verediana, alikuwa amehamia njia panda mwaka uliopita akitokea Nemba, baada ya kusikia kwamba madereva wa malori ya mashirika wana kiu. Aliuza pombe ya ndizi katika kibanda cha fito. Dada yake alimkuta juu ya paa la kibanda hicho, anafunga turubai jipya la buluu kwa kamba za migomba, anapiga mluzi.

"Shuka."

"Shikamoo, dada! Umeona? Masika ijayo halivuji hata tone."

"Shuka, Kazimili. Turubai umepata wapi?"

Alishuka akijifuta mikono kwenye suruali. "Si mahari."

"Mahari gani wewe?"

"Yako! Shemeji Ansbert, Mungu amrehemu, alibakiza mbuzi wawili na jembe. Baba alikufa analisema jambo hilo, hata padri alilisikia. Juzi naitwa ofisini, naambiwa, Kazimili, una mahari yako bondeni. Nikasema, kumbe shemeji alikuwa mtu! Kaacha wosia! Dada, machozi yalinitoka."

Verediana alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti la chupa tupu. Alitaka kumpiga, na wakati huohuo aliona kwamba mjinga huyu alikuwa amelia kweli.

"Na kadi iko wapi?"

"Waliichukua palepale. Mkandarasi wa ukuta alikuwepo. Akaniuliza, wewe mwenye udongo, unaridhia udongo wako uingie kwenye ukuta wa bwawa? Maana ukuta wa kifusi kitupu unavuja, lazima katikati pawe na udongo wa kunata. Nikauliza mnatoa nini. Akasema turubai na miche miwili ya sabuni. Nikaweka dole gumba."

"Udongo wote?"

"Mimi nakijua kiasi chake? Mimi ni mtu wa pombe."

"Kazimili, baba aliniuza kwa ng'ombe watatu. Wewe umeniuza kwa turubai."

"Na sabuni," Kazimili alisema, kwa sauti ndogo sasa, maana alikuwa ameanza kuelewa. Aliingia ndani, akatoka na mche mmoja mzima. "Chukua, dada. Chukua huu."

Aliuchukua. Hasira alikuwa nayo, tena kubwa, lakini sabuni ni sabuni.

Ilikuwa saa sita alipofika kwenye geti la Kibumbiro. Jirani zake wawili walikuwa wamekaa kando ya njia na vikapu vyote vinne, wameshachoka kusubiri. Mgambo wa getini aliitwa Faustini. Alitoka Biharamulo mjini, hamjui mtu yeyote huku, na ndiyo sababu alipewa geti.

"Kadi," alisema Faustini.

Verediana alianza kueleza. Alieleza fomu, alieleza mahari, alieleza Kazimili na turubai lake. Faustini alisikiliza kama anayesubiri mvua iishe.

"Kwa hiyo huna kadi."

"Sina."

"Basi huingii."

Wengine walikuwa wakipita na matita ya matete na mafungu ya maharage mabichi, kadi zimeshikwa juu. Aliwaambia jirani zake warudi nyumbani, akasimama peke yake ameshika seng'enge. Kutoka pale aliliona shimo lake. Wanawake waliovaa fulana za shirika walikuwa wakilichimba kwa sururu, wanapakia udongo kwenye machela, wanaumwaga juu ya ukuta. Waliumwaga mkavu. Mabonge makubwa kama vichwa, na mizizi ndani yake, na majani, halafu wanapita juu yake mara moja na kuendelea. Verediana aliona aibu kana kwamba amefunuliwa sufuria mbele za watu.

"Nyie!" alipiga kelele. "Lowekeni kwanza! Huo utapasuka wote!"

Mmoja wao aligeuka, akaja mbio mpaka kwenye waya. Alikuwa Clarisse, msimamizi wa vibarua, binti wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, aliyekimbia Machi mwaka ule. Kila Jumamosi alinunua vyungu kwa Verediana akaviuze kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko cha mtendaji.

"Shikamoo, Mama Vere. Mbona uko nje ya shamba lako?"

Verediana alieleza tena. Clarisse alicheka alipofika kwenye mahari, akaacha kucheka alipofika kwenye Alhamisi. Aliangalia nyuma, akashusha sauti.

"Humu tuko vibarua thelathini, mama, wote wakimbizi. Mwenyeji haruhusiwi, mkataba wa shirika ndivyo unavyosema. Leo mmoja hayupo, yuko kambini na malaria. Jina lake Nkeshimana. Kadi yake ninayo mimi."

"Niingie kama mkimbizi?"

"Uingie kama Nkeshimana."

"Na vikapu vyangu?"

"Vikapu haviingii na udongo hautoki. Wanapekua. Lakini ukitaka kuugusa ni leo, mama. Jumatatu ni maji."

Verediana alitazama ile kadi. Kipande cha karatasi ngumu, jina, namba, mkoa wa Gitega, muhuri. Miaka thelathini na mmoja ameshuka hapa na jembe begani, na sasa ili ashuke tena lazima aseme anatoka Gitega, mahali asipopajua hata kwa ndoto. Hakumkasirikia Clarisse. Binti huyu alifika hapa na kiatu kimoja. Hakumkasirikia hata Danstan, au alimkasirikia kidogo tu. Hasira yake ilizunguka na kuzunguka, ikakosa mtu wa kumwangukia, ikarudi kumkaa kifuani.

Halafu akafikiri: mtu aliye ndani ya uzio ana ujanja zaidi ya aliye nje. Labda bonge moja. Labda mawili, ndani ya kitenge.

"Lete," alisema.

Faustini alikuwa amemfukuza robo saa tu iliyopita. Aliitazama kadi, akamtazama yeye, akaitazama kadi tena.

"Nkeshimana?"

"Ndiyo."

"Pita." Akaiweka kadi ndani ya boksi pamoja na zile nyingine ishirini na tisa. Alikuwa ameambiwa akague kadi. Habari za nyuso hakuambiwa.

Kwanza alikwenda shimoni. Lilikuwa limepanuliwa mara tatu, kingo zimekatwa wima, na ile ngazi ya udongo aliyoichonga mama mkwe, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiitengeneza kila kiangazi, haikuwepo tena. Alimega kipande kidogo, akakiweka kwenye ulimi. Ulikuwa uleule. Alisimama hapo mpaka mnyapara alipompigia kelele aende ukutani kushindilia.

Ukutani alivumilia kwa muda wa machela mawili. Aliona bonge kavu linatupwa juu ya bonge kavu, akashindwa. Alivua kandambili, akapandisha kitenge magotini, akamwambia mwenye ndoo amwage maji hapa, na hapa, kisha angoje. Wanawake walingoja. Alitoa mizizi kwa mkono. Akaanza kukanyaga: kisigino kwanza, kisha wayo, kisha kugeuka kidogo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kutoka kingoni kwenda katikati. Aliwaambia kwa Kisubi chake, nao wakamwelewa kwa Kirundi chao, maana lugha hizo ni majirani wanaoazimana chumvi. Muda si mrefu walikuwa wanane kwenye mstari mmoja, wanakanyaga pamoja, na udongo chini yao ukaanza kutoa ile sauti ya kunata ambayo mfinyanzi huisubiri.

Mnyapara alikuja, akachoma ukuta kwa fimbo. Fimbo iliingia kidogo ikakwama. Akatabasamu.

"Huyu mkimbizi anajua kazi!" aliwaambia wote. "Kila mtu afanye kama Nkeshimana!"

Na wote wakafanya kama Nkeshimana. Mpaka saa kumi jioni Verediana alikanyaga udongo wake mwenyewe ndani ya ukuta utakaolizamisha shimo lake mwenyewe, na jambo lililomuudhi kupita yote ni kwamba katika maisha yake hajawahi kuutayarisha udongo vizuri kiasi kile. Ulikuwa laini, umeiva, hauna hata unywele wa mzizi. Ungetoa mitungi mia mbili isiyovuja. Alijionea fahari, akajionea hasira kwa kujionea fahari, akaendelea kukanyaga, kwa sababu kazi mbaya hakuijua. Mnyapara alipogeuza mgongo alikata bonge la ukubwa wa ngumi mbili, akalifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni.

Filimbi ikalia. Vibarua walijipanga getini, ambapo palikuwa na pipa la maji la kunawia miguu, maana dereva wa lori hakutaka matope kwenye lori lake. Faustini aliwapapasa mmoja mmoja. Alipofika kwa Verediana mkono wake ulisimama kiunoni.

"Nini hiki?"

"Udongo."

"Udongo ni mali ya mradi." Alilifungua pindo, akalitoa bonge, akalitazama pande zote kama anayetafuta kilichofichwa ndani. Hakikuwepo kitu, ni udongo tu. Akalirusha juu ya uzio, likaanguka upande wa ukuta. "Nawa, upande lori."

"Mimi sipandi lori. Kwangu ni pale juu, kwenye ile migomba."

"Kadi iliyokuja na lori inaondoka na lori. Mkimbizi haruhusiwi kutembea upande ule."

"Basi mimi si mkimbizi."

"Kama si mkimbizi, uliingiaje?"

Tangu asubuhi Verediana alikuwa ameulizwa mengi, na hili lilikuwa swali la kwanza lenye akili. Alimtazama Faustini, kijana aliyeungua jua, njaa imemkaa machoni, kadi thelathini mkononi. Akalitazama pipa la kunawia. Akaona maji yake ni ya kijivu, na ule ukijivu ni wa Kibumbiro, nao unamwagwa mtaroni.

Hakunawa. Aliokota kandambili zake akazishika mkononi, akageuka, akaanza kupanda mlima.

"Wewe!" Faustini aliita. "Mama! Rudi!"

Hakugeuka.

"Nkeshimana!" Sauti ilipanda. "We Nkeshimana!"

Aliendelea kutembea kama mtu yeyote anavyoendelea na safari yake wakati mwingine anaitwa. Nyuma yake alisikia injini ya lori ikiwaka, na Faustini akiita mara ya tatu, safari hii kwa kusoma kwenye orodha, "Nkeshimana, namba kumi na saba!"

"Niko!" ilijibu sauti ya mwanamke kutoka ndani ya lori. Huenda ilikuwa ya Clarisse, huenda haikuwa yake.

Faustini alilitazama lori, akautazama mlima, akaitazama karatasi. Halafu akaweka alama. Thelathini walikuwa wameingia, thelathini walikuwa wametoka, na katika karatasi za siku ile hakuna Verediana aliyekanyaga Kibumbiro. Lori liliondoka na vumbi lake kuelekea kambini.

Verediana alikuwa amefika nusu ya mlima. Udongo ulikuwa umeanza kukauka kwenye miundi na nyuma ya magoti, unabana ngozi, na alijua kwamba ukikauka kabisa utaanza kubanduka. Kwa hiyo alipunguza mwendo. Alitembea kwa hatua fupi, bila kukunja magoti sana, akipisha nyasi zisimguse, ili usije ukapukutika njiani.